Povu

Mvua ya siku tatu ilipokatika, Bi Mgeni alichota maji kisimani, akaloweka shuka, akasugua sabuni. Povu likajaa beseni. Akaacha kufua, akalitazama.

Miaka thelathini alifua kwa maji ya kisima kile. Yalikuwa maji magumu, yenye chokaa. Yalikula mche mzima wa sabuni bila kutoa povu, na birika yakaiachia gamba jeupe.

"Leo kisima kimetuhurumia!" alicheka jirani yake, Saumu, akijipaka povu mashavuni. "Shoga, mbona umenuna? Au umeyazoea mateso?"

"Maji yetu hupita kwenye jiwe la chokaa ndipo yafike kisimani," alisema Bi Mgeni. "Haya hayakupita kokote. Yameingia kwa juu."

Saumu akageuka kutazama mteremko. Mafuriko yalikuwa yamebomoa vyoo vitatu kule juu, na mkondo wa tope ulishuka moja kwa moja hadi ukingoni mwa kisima. Akajifuta mashavu kwa kanga, kwa nguvu, mara mbili.

"Nani ameshayanywa?" aliuliza.

Bi Mgeni alikuwa ameshaanza kukimbia. Alimkuta binti yake kibarazani, amempakata mwanawe.

"Umempa maji?"

"Ndiyo, mama. Leo kayapenda kweli, hayana ule ukakasi."

Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Mtoto akakinyooshea mikono yote miwili, akilia aongezwe.