Ngazi ya Wavutaji

Mhasibu alifungua mlango wa nyuma, mkono mmoja kiunoni, sigara mdomoni. Kiberiti hakuwa nacho. Alikitupa siku ile daktari alipomwambia kwamba maumivu ya mgongo, moyo mzito na moshi hushikana mikono.

Sigara alikuwa ameiacha. Ngazi ndiyo iliyomshinda kuiacha.

Pale ofisini, aliyeruhusiwa kuinuka kitini kabla ya mchana ni mvutaji peke yake. Msimamizi alisema kiu ya sigara anaielewa, uvivu haelewi. Wengine walikaa mpaka shingo zikakakamaa.

Mhasibu alikaa kwenye kipandio cha juu, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kushuka zaidi. Chini, baada ya kona, alikaa dada wa masjala, mbeba mafaili, ambaye shingo haikumruhusu kutazama juu. Walizungumza hivyo hivyo, kama majirani waliotenganishwa na ukuta.

"Umefika, babu?"

"Nimefika, bibi. Shingo?"

"Ipo. Leo imegoma hata kuitikia."

Mhasibu alicheka. Kwa siku nzima hakuwa na kicheko kingine. Nyumbani aliacha redio ikisema peke yake, ili akirudi asipokewe na kimya. Asubuhi nyingine alikaa ukingoni mwa kitanda akimwomba Mungu nguvu za kuvaa viatu tu. Kilichomwinua ni ile sauti ya ngazini.

Zamani aliwahi kumuuliza dada mbona moshi wake haupandi. Akajibiwa kwamba upepo wa huko chini ni mchoyo.

Sasa yeye ndiye mwongo. Alikuwa akipuliza hewa tupu kwa nguvu, asikike anavuta. Akikiri, na habari ikamfikia msimamizi, atarudishwa kitini, na hakuna mtu mwingine atakayemwita babu. Asipokiri, kila neno tamu analoambiwa pale ni la wizi. Jana alipiga magoti, mgongo ukilia, akaliweka jambo hilo mbele za Mungu. Leo aliamka ameamua.

Alishika ukuta, akashuka kipandio kimoja kimoja, jasho likimtoka.

Dada alisikia viatu. "Babu, usije huku," alisema upesi. "Utaumia."

"Acha niumie. Nina jambo la kukwambia, na siwezi kulisema nikiwa nimejificha."

Alifika kwenye kona, akasimama akihema. Dada alijaribu kugeuka, shingo ikakataa. Akabaki vile vile, mkono wake umeganda juu ya goti.

Kati ya vidole vyake palikuwa na sigara moja. Karatasi yake ilikuwa imegeuka manjano kwa kushikwa, na ilipokatikia katikati ilikuwa imeungwa kwa selotepu. Ncha yake haikuwahi kuguswa na moto.