Joto la Shaba

"Nikipata tarumbeta lenye sauti safi, nitalichukua pamoja na mpigaji wake, aende nalo vitani," alisema ofisa Mjerumani, akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa pale Korogwe.

Habakuki, mpigaji wa kanisa hilo, alikuwa na matarumbeta mawili makubwa ya sauti nene. La zamani lilikwaruza. Hilo alilipiga bila hofu. Jipya liliimba vizuri mno, ila lilitaka kupashwa kwanza kwa pumzi.

Bwana Yesu, nifiche, aliomba moyoni. Akalipuliza likiwa bado baridi. Sauti ikatoka imepinda. Akarudia tena na tena, kila mara akilegeza midomo.

Ofisa akaguna, akageuka kuondoka.

"Shemeji! Uji umekuunguza midomo leo?" Alikuwa kaka wa mkewe, ndiyo kwanza anaingia kutoka Bungu, anacheka. "Unaliaibisha tarumbeta la Mungu. Lete nikuonyeshe!"

Ofisa akasimama. "Mpe."

Habakuki akalikumbatia. Akisema neno moja tu la kumzuia shemeji, amejifunga mwenyewe. Mikononi mwake shaba ilikuwa na joto, joto la pumzi yake yote.

Akaliachia. Shemeji akalipokea, akalamba midomo.