Kifua cha Ewoi

"Pisheni, mzee ana shida ya moyo," mlinzi alisema, na foleni nzima ikasogea pembeni.

Ewoi aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, mkono kifuani, macho juu. Nyuma yake alikuja mkewe, Akeno, amebeba begi, blanketi, galoni ya maji na viatu vya mumewe. Walikuwa wametoka Kakuma alfajiri, kwa gari la jirani, hadi kwenye hospitali hii ndogo ya Lodwar yenye mashine ya kupima moyo.

Haikuwa mzaha. Mwaka jana kaka yake Ewoi alianguka huko Namoruputh akichunga mbuzi, ameshika kifua vivyo hivyo, na hakuinuka tena. Ewoi aliamini zamu yake imefika. Njiani alikuwa amekwisha kugawa mifugo yote.

"Nikienda, uza hiyo ngamia, somesha Ekuru," alimwambia mkewe.

"Huendi mahali, Baba Ekuru."

Mara Akeno akamwomba dereva asimame, akateremka, akatapika kando ya barabara. "Ni hii gari," alisema akirudi, huku akijifuta jasho. Ewoi alimwonea huruma. Wanawake na hofu ni ndugu, aliwaza, akaendelea kushika kifua chake.

Hospitalini, Daktari Kipngeno alimvua Ewoi shati, akambandika nyaya. Nesi akatoka nje kumuuliza Akeno habari za mgonjwa: anavuta sigara, analala vizuri, ana sukari? Akeno alijibu yote. Kisha, kwa aibu kidogo, akataja kwamba mgongo wake mwenyewe umekuwa mzito tangu jana, na sasa maumivu yamepanda hadi kwenye taya.

"Unabeba maji?" nesi aliuliza.

"Kila siku. Mitungi mbili."

"Basi ni hiyo. Na wasiwasi ya mzee. Sisi wanawake tunaweka kila kitu kwa roho, mama. Kaa hapo kwa kivuli, utasikia vizuri."

Akampa Panadol mbili. Akeno akamshukuru sana, maana hakupenda kusumbua watu. Nyumba yao aliijenga kwa mikono yake, kama wanawake wote wa kwao, na siku aliyomzaa Ekuru alichota maji jioni. Watu walimsifu kwa hilo, na Ewoi ndiye aliyesifu zaidi.

Aliketi kwenye benchi, begi mapajani, akaegemea ukuta na kufumba macho. Alimwomba Mungu jambo moja tu: amwachie mume wake.

Ndani, mashine ilitoa karatasi. Kipngeno aliisoma, akarudia kipimo, akasoma tena.

"Mzee, moyo wako ni mzima kuliko wangu. Hii ni asidi ya tumbo. Jana ulikula nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Nusu," Ewoi alisema.

Kisha akalia. Alilia bila kujificha, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, akaishika mikono ya daktari akashindwa kuiachia. Hakuwa amejua anavyoipenda dunia hii. Akatoka pekupeku, shati halijafungwa vifungo, kumpelekea mkewe habari.

Alimkuta amelala. Akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Mama Ekuru, ni asidi. Unasikia? Nusu mbuzi ndiyo imetuleta Lodwar." Alijicheka mwenyewe, machozi bado yanamtoka. Akaliondoa begi mapajani mwa mkewe ili apumzike vizuri, akamfunika blanketi. "Lala tu. Leo maji nitachota mimi."

Na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alimaanisha.

Kipngeno alitoka akiwa na dawa mkononi. Alipomwona Akeno, alisimama. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaweka vidole viwili shingoni mwake, akaviacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akamwita nesi, kwa sauti ya chini.

Ewoi alimgusa daktari begani, bado anatabasamu.

"Daktari, umekosea," alisema. "Mgonjwa ni mimi."