Lugha ya Pili ya Kayitare

Kayitare alivua koti akalitupa juu ya kioo cha kompyuta, kama mtu anayezima moto.

"Ni nini? Inaungua?" Verediane, mwenye duka, aliuliza kwa Kinyarwanda, akiacha fotokopi yake katikati.

"Hapana, mama. Mwanga tu. Unaniumiza macho."

Nje mawingu yalikuwa yamefunika Gisenyi yote hadi ziwani. Verediane alitazama dirisha, akamtazama yeye, akarudi kwenye karatasi zake.

Chini ya koti kulikuwa na ukurasa wa habari, uleule aliousoma kila siku. Ila leo ulikuwa umefunguka kwa Kiswahili. Na Kayitare, kwa jinsi walivyomjua katika duka lile, hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji.

Kosa lilikuwa lake. Alirudi kutoka Uganda na Kiingereza chake na Kiswahili chake, akapata kazi ya ofisi bandarini Rubona. Siku ya kwanza alipoingia dukani humu, penye kupiga chapa na intaneti, alisalimiwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Alitaka tu kuonekana mtu wa maana. Papo hapo Verediane akamgeukia mpwa wake, Uwitonze, kwa Kiswahili.

"Hata jambo hasikii, maskini. Na angalia ile miguu! Kama ya korongo."

Baada ya hapo, ungeanzia wapi kukiri?

Uwitonze ndiye aliyemfungulia mashine. Alikuwa msichana wa haya. Mbele ya wateja, Kinyarwanda chake kilitoka kidogokidogo, macho yakiwa chini. Alimweleza kwamba ukurasa mmoja huweza kuwa na lugha nyingi. Mashine ya hapa hupeleka lugha anazotaka mteja, zikiwa zimepangwa, na mashine ya kule mbali huzisoma kutoka juu. Ikiwa nayo ile ya kwanza, huileta. Ikikosa, hushuka kwenye inayofuata.

"Haioni sura yako," alisema. "Haijui ulikozaliwa. Inajua tulichoiandikia tu. Wewe tukuandikie ipi?"

"Kiingereza. Basi."

Akaandika. Kwa lugha moja, aliandika muda mrefu kidogo, lakini Kayitare alikuwa anatazama vidole, si herufi.

Tangu hapo alikuja kila alipotoka kazini. Alikaa akijifanya anasoma, huku shangazi na mpwa wakimjadili juu ya kichwa chake. Na katika Kiswahili, Uwitonze alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Tantine, ule mutu ya Kingereza angenyoa zile ndevu, angekuwa muzuri sana."

"Nani, korongo?"

Kesho yake Kayitare alikuja amenyoa, kidevu kimekatwakatwa na wembe.

"Tantine, ile shati ya kijani inamufaa."

Aliivaa wiki nzima.

"Bon, hana ingine," Verediane akahitimisha.

Lakini siku hizi mzaha ulikuwa umepungua. Jean Paul, mwenye lori kutoka Goma, angekuja Jumapili na wazee wake kumposa Uwitonze, na Verediane alikwisha kuagiza bia. Jana Kayitare alisikia kila neno.

"Mi simupendi, Tantine."

"Utamuzoea. Kuna mwingine amekuja hapa? Sioni mutu."

"Kama mwingine angekuja mbele ya dimanche, ile Jumapili ya Jean Paul, ningemukubali."

"Mwingine nani?"

Uwitonze aliinamia kibodi yake. Kayitare alisoma mstari uleule mpaka intaneti ikakatika.

Akisema kwamba alisikia, msichana yule angekufa kwa aibu, asimtazame tena maisha yake yote. Akinyamaza, Jumapili ingefika. Alikuwa bado anapima, na sasa mashine ilikuwa imekwisha kumuumbua.

Uwitonze aliinuka kwenye meza yake. Akaja, akashika koti kwa vidole viwili, akaliondoa. Akasoma kichwa cha habari, kisha akatazama sakafu.

"Kiingereza cha leo hawajaweka bado," alisema kwa Kinyarwanda, polepole. "Imeshuka."

Kayitare aligeuza kiti. Alipofungua kinywa, kikatoka Kiswahili.

"Uwitonze, nisamehe. Ninasikia Kiswahili. Nimesikia yote."

Verediane alishika mdomo.

"Yesu wangu! Na ile ya korongo?"

"Na ya korongo, mama." Kayitare alisimama kwa ile miguu yake mirefu. "Ninaomba wazee wangu waje Jumamosi. Kama Uwitonze anakubali."

"Jumamosi? Donc, ile bia ya Jean Paul nitaiweka wapi?"

"Wazee wangu hawachagui bia, mama."

Verediane alijaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, akakaa kwenye kiti cha wateja akijipepea kwa fotokopi. "Uliza mwenyewe," alisema. "Iko pale, si mimi utaoa."

Kayitare alimgeukia Uwitonze. Msichana aliitikia kwa kichwa, kidogo tu, bila kuinua macho.

Furaha ilimjaa Kayitare, lakini neno moja lilikuwa bado linamkwaruza.

"Hebu niambie. Mimi niliomba Kiingereza peke yake. Kiswahili, nani aliiambia mashine hii?"

Uwitonze aligeuza uso ukutani.

"Ni mi niliandika, ile siku ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nimekusikia kule Rubona, ukichekesha kwa Kiswahili wale wamama wanauzisha samaki ya sambaza, wakati hujaingia hapa bado hata mara moja."