Kitanda Kisichomjua Mama

Miaka hiyo vitanda vya watoto wachanga vilijifunga vyenyewe, na vilifunguka kwa uso wa mama tu. Mwanahawa alipojifungua binti, upande wa kushoto wa uso wake ulilegea. Jicho likawa halifumbi, mdomo ukapinda. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu utapona taratibu.

Kitanda hakikungoja. "Samahani, wewe si mama yake," kilisema, na mtoto ndani analia kwa njaa.

Mwanahawa aliinua pembe ya mdomo kwa kidole. Kikakataa. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikwenda jikoni akarudi na mchi wa kinu.

"Vunja, mwanangu. Mtoto ni wako."

Akakivunja kifuniko. Tangu hapo binti alilala kifuani pake.

Asubuhi moja mtoto aliutazama sana uso ule uliopinda, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama, amenichekea!"

"Amekujua."

Mwanahawa akacheka, na shavu la kushoto likatetema kidogo.

Mchana wake wakapiga hodi watu walioleta kitanda kipya. Mwanahawa hakuwafungulia.