Kafi Liligonga Mara Moja

Mji mzima ulisema Bi Sikudhani ana macho ya kwazi, yule tai mla samaki. Hawakujua kwamba ukungu umeyafunika huu mwaka wa pili, na kwamba anayeona ni shemeji yake Matano, mpiga kafi. Akiligonga kafi mtumbwini mara moja, ndege ni mnandi. Akigonga mara mbili, ni mbizi. Bi Sikudhani humalizia kwa maneno matamu, na wageni waliokuja kutazama ndege hufurahi.

Leo bosi mwenyewe alipanda, maana alitaka kubakiza mtu mmoja tu mtumbwini, apige kafi na kuongoza wageni.

"Haya bibie, yule juu ya gogo ndege gani?"

Kafi likagonga mara moja.

"Mnandi huyo, bwana. Tazama mdomo ulivyopinda nchani kama ndoana."

"Mbona naona umenyooka kama sindano?"

"Ni mbizi, bosi," Matano akadakia. "Shingo kama nyoka. Samaki humchoma, humrusha juu, kisha humdaka na kummeza kuanzia kichwa." Neno kwa neno, kama Bi Sikudhani alivyomfundisha kwenye mtumbwi huu huu.

"Shemeji," Bi Sikudhani akamwambia polepole, "umegonga mara moja."

"Nimegonga nini tena, shemeji? Umechoka wewe, pumzika."

Ndege akajitosa majini. Bi Sikudhani akainua darubini kuelekea ule mshindo. Ndani mlikuwa na weupe mtupu.

"Kaibuka naye! Kamrusha!" bosi akashangilia. "Umeona, bibie?"

"Nimeona," akasema, darubini ingali usoni, akimngoja samaki ashuke.