Nusu Mbili

Sheria ya Mkataba ilikuwa fupi: anayejua nusu ya kwanza ya kutengeneza bomu asilale chini ya paa moja na anayejua nusu ya pili. Ndiyo maana tangu binti yao Blandina akiwa tumboni, Generosa alilala upande huu wa barabara na mumewe Alfonsi upande ule. Mchana waliruhusiwa kula pamoja, ilimradi mkaguzi, Mama Kinunda, akae katikati yao. Walizungumzia kuku na mvua, basi.

Jumapili hiyo Blandina, aliyekuwa kidato cha nne, alikuja mezani na daftari.

"Tazameni! Nimeikokotoa mwenyewe, bila mwalimu."

Generosa akatazama. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na ile nusu yake aliyoapa kwenda nayo kaburini. Wa kulia hakuuelewa hata mstari mmoja, lakini alimwona Alfonsi akiusoma, tonge mkononi, uso umemsawijika.

"Umekosea, mwanangu," Generosa alisema haraka. "Kalitie moto hilo daftari, uje ule."

"Sijakosea, mama. Hata ukilichoma, yote ninayo kichwani."

Mama Kinunda akaacha kutafuna. Alimtazama Blandina kwa huruma, kisha akanyoosha mkono kutaka maji ya kunawa, ili ainuke aondoke naye.

Generosa akalisogeza jagi mbali. Akamwongezea mkaguzi ugali, akamwongezea tena.

"Kula kwanza, dada yangu. Chakula bado kipo," alisema, huku mwiko ukikwaruza sufuria tupu.